Waliomhukumu Ami

Kitabu alikichagua mwalimu. Kilikuwa cha makauboi, jalada lake farasi na vumbi tupu, na nadhani alikichagua kwa sababu maktaba ilikuwa na nakala nyingi isizozitaka tena. Sisi hatukuwa na la kusema. Tulikuwa watu wazima wachache tuliokutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha maktaba, Peckham, London, kujifunza Kiingereza cha kusomea, maana cha kununulia mkate tulikuwa nacho. Alikuwapo nesi mmoja wa Kikenya, mwanamke wa kanisani, mwenye sauti ya kujiamini. Alikuwapo mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Uganda na mkewe na masanduku mawili. Nilikuwapo mimi. Na alikuwapo Ami.

Hakuwa ami yangu wa damu. Alitoka Unguja kama mimi, umri wake sawa na wa marehemu baba, na huku ugenini mtu wa umri huo humwiti kwa jina lake ukaona raha. Alikuwa mrefu, mkimya, kazi yake kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitali, na alikaa peke yake katika chumba cha kupanga juu ya duka la viatu. Mkewe alifariki Unguja kabla yeye hajaondoka. Watoto hakujaliwa. Darasani alikuja na koti na tai kama mtu anayekwenda kuposa, na zamu yake ya kusoma ikifika alisimama wima, hata mwalimu alipomwambia hakuna haja.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mji mdogo wa wafuga ng'ombe, Marekani ya zamani, mahali ambapo serikali iko mbali na kila mwanamume ana bunduki. Ng'ombe wakaanza kufa baada ya kunywa maji kwenye birika la mji. Alikuwapo mgeni, mchimba visima, aliyeonekana akipita karibu na birika lile. Hakuna aliyemwona akitia kitu. Lakini aliyelisema kwanza alikuwa tajiri wa mji, wa pili akasema kwa kuwa wa kwanza kasema, na jioni ilipofika kila mtu alikuwa amemwona mgeni yule kwa macho yake. Wakamtia ndani, wakakubaliana wamngoje hakimu. Kisha wakachoka kungoja.

Sura ya kumtoa mahabusu aliisoma Ami. Nakumbuka alivyoisoma, polepole, kidole kikifuata mstari. Mchungaji wa kanisa la mji anasimama kwenye mlango wa jela na kusema hapiti mtu. Halafu rafiki yake mmoja anatoka mbele ya kundi. Hamtukani wala hamshiki. Anamwambia tu kwamba mgeni ni mgeni, lakini sisi ni jirani zako, je, ukitukosa sisi utaishi na nani? Na mchungaji anasogea.

Mwalimu akafunga kitabu chake, akatuuliza, "Ungekuwa wewe mlangoni pale, ungefanya nini?"

Nesi alisema angesimama mpaka wamuue. Alisema hivyo bila kufikiri, na sikumlaumu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaandaa jibu hilohilo. Mzee wa Kihindi alicheka kidogo. "Mimi nimeuona umati, mama," alisema. "Nilifunga duka nikapanda juu nikazima redio. Ndivyo nilivyofanya."

Ami alikuwa bado amesimama.

"Na wewe?" mwalimu akamuuliza.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Mtu hawezi kujua hapa, penye joto na chai."

Wakati ule sisi Waunguja wa upande wetu wa mji tulikuwa wachache, na tulishikana kama kope. Kila mmoja aliondoka kisiwani kwa njia yake baada ya mapinduzi, wengine kupitia Mombasa, wengine Dubai, na kila mmoja alikuwa na maiti wake aliyemwacha nyuma. Kiongozi wetu alikuwa bwana mmoja tuliyekuwa tukimwita Kaka. Yeye alikuja Uingereza kusoma kabla ya yote yale, na habari zilimkuta hapahapa. Kaka ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni uwanja wa ndege. Kaka ndiye aliyemtafutia mume wangu kazi ya kufagia mabasi gereji. Harusi, misiba, mwezi ukiandama, yote nyumbani kwake, ghorofa ya tatu katika majumba ya kaunsili, baraza la mji. Mdogo wake alichukuliwa siku zile za mapinduzi, kijana mdogo tu, akafa. Kaka alijua kwamba amekufa, basi. Amekufaje, amezikwa wapi, hakujua, maana barua zilizotoka kisiwani miaka ile zilifunguliwa njiani na aliyebaki kule hakuthubutu kuandika kitu.

Halafu akapita mgeni mmoja, akienda Kanada. Alikaa kwa Kaka siku chache, akaenda naye msikitini, akamwona Ami kwenye safu. Akamwambia Kaka kwamba mzee yule anamjua. Alimwona siku zile kwenye usukani wa lori, nyuma wamejaa watu wenye bunduki na mapanga, wakipita mitaani.

Mgeni akapanda ndege akenda zake. Maneno yakabaki. Mwezi haukwisha, Ami akawa ndiye aliyekuwa akionyesha nyumba kwa kidole. Kuna aliyesema hata kofia aliyovaa anaikumbuka, na huyo siku zile alikuwa mtoto Pemba.

Mume wangu aliniletea habari hizo nyumbani. Nilimwuliza nani kathibitisha.

"Kila mtu anasema," alinijibu.

Nilitaka kumweleza habari za birika la ng'ombe, nikaona haya. Nani angemwambia mume wake aliyechoka na kazi hadithi ya makauboi?

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, jua la London limetoka, lile lisilo na joto. Kulikuwa na khitma ya mama yake Kaka kwake. Wanaume sebuleni, wanawake jikoni na chumbani. Baina ya jiko na sebule palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama hapo na sinia la pilau, nikingoja dua iishe.

Dua iliisha. Watu wakajipangusa nyuso. Lakini badala ya kuagiza chakula, Kaka aliinuka akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo.

"Ami," alisema, "tuna swali. Tunataka utujibu mbele ya watu."

"Uliza, mwanangu."

"Siku zile za mchafukoge uliendesha lori la nani?"

"La hospitali. Nilikuwa dereva wa hospitali, miaka yote. Watu wanajua."

"Na wale wenye silaha waliokuwa nyuma?"

"Walipanda wenyewe. Nani angewashusha?"

"Ukawapeleka wapi?"

"Walikoniambia niende, nilikwenda. Na nilipokuta watu wamelala njiani nilisimama nikawapakia. Wengine walikuwa wazima bado."

Alizungumza kwa sauti ileile ya darasani, neno moja baada ya jingine. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekaa karibu na mlango, anachezea nyuzi za jamvi.

"Mdogo wangu alichukuliwa siku ya pili," Kaka alisema, na sauti yake ikakatika. Lazima nilieleze na hili: alikuwa akilia kweli. Hakuwa mwongo. Msiba ulikuwa umemkaa kooni miaka yote ile na sasa alikuwa amempata mtu wa kumtapikia.

Ami aliinua kichwa. "Mdogo wako ni yupi? Alikuwa akikaa mtaa gani? Nieleze alikuwaje, labda nita..."

"Labda anamkumbuka!" akapaza sauti mtu nyuma. "Mmemsikia? Anamkumbuka!"

Kofi la kwanza sikuona lilitoka kwa nani. Nililisikia. Kisha wakawa wamesimama wote, na sikumwona tena Ami, niliona migongo tu, kanzu nyeupe zimepigwa pasi vizuri. Mke wa Kaka alikuja akakivuta kile kidirisha, akakifunga.

"Mambo ya wanaume hayo," aliniambia. "Pakua achari."

Niliweka sinia chini. Jiko lilikuwa na mlango wa pili, unaotokea kwenye ujia wa nje, na nilitoka kwa mlango huo na kandambili za watu, nikateremka ngazi mpaka kwenye kibanda cha simu pembeni mwa barabara. Mtu wa upande wa pili aliponiuliza nataka nini, Kiingereza chote kilinitoka, cha mkate na cha kitabuni. Nilisema mzee, mzee, wanampiga mzee. Nikamsomea jina la jumba lililoandikwa ukutani, herufi moja moja.

Niliporudi, Ami alikuwa chini ya ngazi, kwenye saruji. Wengine walisema baadaye kwamba walikuwa wakimtoa tu nje na yeye akateleza. Tai ilikuwa imemkaza shingoni, nikailegeza. Mguu mmoja ulikuwa umelala upande usio wake. Jicho la kushoto lilikuwa damu tupu. Juu kwenye kibaraza walikuwa wamesimama, wanatazama chini.

Gari la wagonjwa lilifika, na polisi wawili nyuma yake. Polisi mkubwa aliwauliza wale wa juu nini kimetokea. Kaka alijibu kwa Kiingereza chake kizuri cha skuli kwamba mgeni wetu ni mtu mzima, ameteleza ngazini, tumesikitika sana. Polisi akainama kwa Ami.

"Nimeanguka," Ami alisema.

"Wamempiga," nilisema mimi. Nililisema kwa Kiingereza, na nikalisema kwa nguvu ili wa juu wasikie, sijui kwa nini.

Polisi alinitazama, akamtazama Ami tena. "Kuna mtu amekupiga, bwana?"

"Hapana. Nimeteleza. Bibi huyu hakuwapo."

Polisi akafunga kalamu yake. Nilimwona kabisa alivyopumua, kama mtu aliyepunguziwa kazi.

Kwenye basi, tulipokaribia kushuka, mume wangu alinigeukia. "Umetuvua nguo," alisema.

"Wamemvunja mzee wa watu, na wewe umekaa."

"Sikumgusa!"

"Najua hukumgusa."

"Kaka ndiye aliyetupokea," alisema, na alisema kwa upole, ndiyo maana yakaniingia. "Hapa hatuna mama wala baba. Tukiwakosa wale, tutaishi na nani?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa amekisoma kitabu kile, hata jalada lake hakuwahi kuliona. Nilikuwa nimeshika chuma cha basi, nikafahamu kwamba sentensi ile haikutungwa na mwandishi yeyote. Iko tu, inamngoja kila mtu.

Nilikwenda kumwona Ami hospitali. Si ile aliyofanyia kazi, nyingine. Nyonga ilikuwa imevunjika, na jicho walishasema halitaona. Nilimpelekea mikate ya kumimina, akaiweka kando.

"Kwa nini ulisema umeanguka?" nilimwuliza.

"Ningesema vingine, wangefungwa. Wapo pale wasio na karatasi, hao wangerudishwa kule. Na unajua kule wangepokelewaje." Alivuta pumzi. "Mie nimeshapakia watu wa kutosha, mwanangu. Sitaki kumpakia mwingine."

"Lakini hukufanya lolote!"

"Niliendesha gari," alisema. "Sikukataa. Ningekataa wangeniua, wakapata dereva mwingine. Nimeligeuza jambo hili miaka yote na sijaona upande wake mzuri." Kisha akaniambia nisirudi tena. "Unajiharibia. Wewe bado kijana, una watoto. Nenda kakae na watu wako."

Nilirudi mara mbili tatu hata hivyo. Mara ya mwisho alijifanya amelala.

Watu wangu nao walinifanyia walivyojua. Hakuna aliyenitukana. Nikiingia chumbani mazungumzo yaligeuka kuwa ya bei ya samaki. Khitma zikapita sikualikwa, na mume wangu akaenda peke yake, akirudi na chakula kimefungwa kwenye karatasi ya fedha, kama cha mgonjwa.

Kitabu tulikimaliza bila Ami. Mchimba visima walimtundika kwenye boriti ya ghala. Baadaye ikaonekana ng'ombe walikufa kwa kula jani la sumu lililoota karibu na birika. Basi kurasa zote zilizobaki ni za dhamiri: tajiri hapati usingizi, anajipiga risasi, mchungaji anapotea akili, anatembea jangwani akisema peke yake, watu wanahama nyumba moja baada ya nyingine mpaka mji unabaki upepo. Mwalimu alifurahi sana na mwisho ule. Alituambia kwamba hayo ndiyo mafunzo, kuwa mtu anaweza kuikimbia sheria lakini nafsi yake haikimbii. Nesi akasema amina. Mzee wa Kihindi akatazama dirishani. Mimi wakati ule nilikuwa bado nangoja. Niliamini kabisa kwamba kuna siku Kaka atabisha mlango wa Ami.

Ilipita miaka. Watoto wangu wakaanza kunijibu kwa Kiingereza. Siku moja dada yake Kaka alikuja kutoka Unguja kutibiwa macho, na wanawake wote tukaitwa kumpokea, hata mimi, kwa kuwa mambo yalikuwa yamepoa. Alikuwa mtu mzima, mnene, mcheshi. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za huyu na yule. Katikati ya mazungumzo akasema, "Eti nasikia yule dereva wa zamani wa hospitali yuko hukuhuku London? Nipelekeni jamani. Nataka nimshike mkono kabla sijafa."

Mke wa Kaka aliuliza dereva gani, ingawa rangi ilikuwa imeshamtoka.

"Yule mrefu. Ndiye aliyemleta ndugu yetu nyumbani. Alimkuta njiani amekufa, akamfunika na mashuka ya hospitali, na wale watu wakiwa wamepanda palepale juu yake. Wakamwuliza kuna nini chini, akawaambia nguo za kufua. Akaja akagonga kwetu, wakamwosha wawili, yeye na baba, maana hakuna mwanamume mwingine aliyethubutu kutoka. Mpaka leo tuna kaburi la kwenda kusoma kwa ajili yake. Wenzetu wangapi hawana?"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kumwita dada yake ale. Sikuwahi kumwona mtu akisimama vile. Nikasema moyoni, sasa. Sasa ndiyo saa yake.

"Yule mzee amehama zamani," alisema Kaka. "Hatujui aliko."

"Hajahama," nilisema. "Yupo palepale juu ya duka la viatu. Naweza kukupeleka leo."

"Shoga yetu huyu huchanganya watu," mke wa Kaka alimwambia wifi yake, akimmiminia chai. "Mwenyewe anamfananisha."

Dada alinitazama, akamtazama kaka yake. Macho yake yalikuwa na ukungu, hakuona nyuso zetu sawasawa. Sijui alifahamu nini. Hakuniuliza tena, na wiki iliyofuata nilipopiga simu niliambiwa amelala. Alirudi Unguja bila kumwona.

Nilikwenda mwenyewe kwa Ami. Alinifungulia akiegemea fimbo ya chuma, chumba chake safi, kitanda kimetandikwa kama cha wodini. Nilimweleza yote. Alisikiliza, jicho lake zima likitazama ukuta.

"Kijana wa shati la mistari," alisema mwishoni. "Kumbe ndiye. Mbona hakunitajia jina? Angenitajia jina tu, ningemwambia alipo."

"Niwaambie wengine, Ami?"

"Waambie nini? Hawakusikia?"

Walikuwa wamesikia. Chumba kizima kilisikia, na kufikia Ijumaa hapakuwa na nyumba ya Muunguja isiyojua. Hakuna aliyekwenda kwake. Kaka hakujipiga risasi wala hakurukwa na akili. Alihiji, akanenepa, akawaoza mabinti zake vizuri, na akaendelea kuwapokea wageni uwanja wa ndege. Nilimtazama miaka yote nikitafuta alama usoni mwake. Mwandishi yule wa makauboi, kwa vifo vyake vyote, alikuwa na matumaini kunipita mimi.

Ami alikufa majira ya baridi. Mwenye duka la viatu ndiye aliyegundua. Sisi wanawake makaburini hatuendi, lakini mume wangu alikwenda, na walikwenda wote, hata waliohamia Barking walikuja, magari yamepangana. Kaka alisimamia kila kitu, sanda, ruhusa, kaburi.

Mume wangu aliporudi viatu vyake vilikuwa na udongo. Alivivua mlangoni, akakaa. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Ilikuwa vizuri. Watu wengi." Akajiegemeza ukutani. "Sheikh aliuliza, kama kawaida, mnamshuhudiaje maiti huyu."

"Mkasemaje?"

"Mwema. Tulisema mwema."

"Na Kaka?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

"Na wewe ulisema?"

"Ulitaka niseme nini?" aliniuliza, na niliona kwamba kweli anauliza, kwamba angependa nimpe jibu.

Nilikwenda jikoni nikampakulia wali, akala akamaliza.